Kuisoma nguo ya zamani: mwongozo kamili wa kulifungua sanduku la nyumbani Mombasa

Nyumba nyingi za Mji wa Kale, na za Majengo na Kisauni ambako wajukuu wa Mji wa Kale wamehamia, zina sanduku lisilofunguliwa ila pakiwa na harusi au msiba. Ndani mna leso za bibi, kanzu ya babu iliyogeuka rangi ya chai, kofia mbili tatu, pengine joho lililoliwa na nondo. Zikitolewa husifiwa, hufuliwa kwa sabuni ya unga, huanikwa juani, na kufika alasiri habari zilizokaa humo miaka na miaka zimekwenda na maji ya povu.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye nguo hizo mkononi anayetaka kujua zinasema nini juu ya watu waliozivaa: nani alikuwa na uhuru wa kuvaa nini, bidhaa zilitoka bandari gani, nani alimfulia nani, nani aliiga mtindo wa nani na kwa nini. Tenga saa mbili kwa nguo moja. Kanuni moja inatangulia zote: isome nguo kwanza, hadithi yake uisikilize baadaye. Ukianza na hadithi, macho yatatafuta kuithibitisha, na nguo haitapata nafasi ya kukukanusha.

Kabla ya kulifungua sanduku

Tayarisha vitu hivi:

- shuka 2 nyeupe za pamba, safi, zilizofuliwa bila manukato wala dawa ya kulainisha nguo
- utepe wa fundi cherehani, wenye sentimita
- kioo cha kukuzia, cha mara 10 (mafundi saa wanacho)
- penseli na daftari. Kalamu ya wino isikaribie meza
- simu ya kupigia picha na taa moja ya mezani
- taa ndogo ya kukagulia noti bandia, kama ile ya madukani
- pamba kidogo, maji safi na kipande cha kitambaa cheupe kikavu

Nawa mikono ukauke kabisa. Vua pete, bangili na saa, maana uzi mmoja wa zari, yaani uzi wa dhahabu, ukinasa kwenye pete unavuta safu nzima. Mwenye hina mbichi asishike kitu. Zima feni. Chai iwe chumba kingine.

Usifue na usipige pasi. Doa la mafuta shingoni, manjano ya pilau kwenye mkono wa kanzu, harufu ya udi na halua udi iliyoganda kwenye leso, hayo ndiyo maandishi unayokuja kuyasoma. Kuna sababu ya pili: uzi mkongwe wa pamba ukilowa huwa mzito, na uzito huo unatosha kuuchana pale ulipokunjwa kwa miaka.

Ukikuta vumbi kama unga, mayai au funza wa nondo, usiitingishe nguo chumbani. Itie kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, funga kwa utepe wa kunata, uiweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku 14. Ukiitoa, uache mfuko umefungwa saa 24 zaidi, vinginevyo unyevu wa hewa yetu utaganda juu ya kitambaa na ukungu utaanza hapo hapo.

Hatua ya 1: picha na vipimo

Tandaza shuka mezani na nguo juu yake bila kuinyosha kwa nguvu. Mikunjo ya zamani ipigwe picha kwanza jinsi ilivyo, kwa sababu inaonyesha nguo ilikaaje: iliyokunjwa mara nane ndogo ilikaa chini ya sanduku, iliyokunjwa mara mbili tu ilikuwa ikitumika. Piga mbele, nyuma, na ndani ikigeuzwa. Kisha zima taa ya chumba, weka taa ya mezani ubavuni ili mwanga upite juu ya kitambaa kwa mshazari, upige tena. Mwanga wa ubavuni hufichua mashimo ya mshono uliofumuliwa na mstari wa pindo lililoshushwa, vitu ambavyo mwanga wa juu huvifuta.

Pima urefu, upana wa mabega, urefu wa mkono, na zaidi ya yote upana wa kitambaa chenyewe kutoka ukingo uliofumwa hadi ukingo uliofumwa. Watu huupuuza upana huu. Kitambaa chembamba, cha sentimita 70 hadi 90, kililazimisha fundi kuunga vipande. Kile cha sentimita 150 kinatoka viwanda vya karibuni na kinakatwa bila huruma. Ukikuta nguo pana isiyo na kiungo hata kimoja, usiseme ya mwaka 1890 hata kama mwenye nyumba ameapa.

Hatua ya 2: kitambaa na uzi

Weka kioo cha kukuzia juu ya ukingo. Nyuzi zinazokwenda sambamba na ukingo ni mtande. Zinazoupiga mtande kwa upana ni mshindio. Hesabu nyuzi za kila upande ndani ya sentimita 1, mahali 3 tofauti, uandike zote. Mtande na mshindio ukilingana na uzi ukiwa laini, umeshika bafta, ile pamba nyembamba nyeupe, au kitu cha jamaa yake. Uzi mnene wenye vifundo, rangi ya maziwa yaliyochakaa, kitambaa kizito kisichopaushwa, hapo huenda umeshika merikani.

Jina hilo limebeba historia nzima. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta kitambaa cha pamba kisichopaushwa Unguja na pwani yote, na mwaka 1833 Marekani na Sayyid Said, sultani wa Omani na Unguja, wakatia saini mkataba wa biashara. Merikani ikawa nguo na ikawa fedha: shuka ilikuwa mikono 4, doti mikono 8, na misafara ya bara ililipa kwa jora badala ya sarafu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vikakata pamba, na viwanda vya Uingereza na Bombay vikaingia nafasi hiyo. Jina halikuondoka. Kwa hiyo bibi akisema "hii merikani" anakutajia aina ya kitambaa, hakutajii kilikotoka. Neno "doti" nalo tunalitumia mpaka leo Biashara Street tukinunua leso, na wengi hatukumbuki kwamba lilikuwa kipimo cha malipo.

Kutambua aina ya uzi, chukua uzi uliokwisha kukatika ndani ya mshono, sentimita 1 inatosha, uushike kwa koleo ndogo juu ya sahani ya udongo, uuwashe mbali na nguo. Pamba inanuka karatasi na kuacha majivu mepesi ya kijivu. Hariri na sufi zinanuka nywele zilizoungua na kuacha punje nyeusi inayosagika kwa vidole. Uzi wa plastiki unayeyuka na kuacha tone gumu lisilosagika. Poliesta ilivumbuliwa 1941 na kuenea madukani miaka ya 1950, kwa hiyo tone gumu likitoka kwenye kitambaa chenyewe, si kwenye kiraka, umri wa nguo umejulikana upande mmoja.

Taa ya noti inasaidia hapa, lakini kwa tahadhari. Uzi wa siku hizi na sabuni za siku hizi zina dawa ya weupe inayong'aa samawati chini ya taa hiyo. Kitambaa chote kiking'aa, pengine kilifuliwa tu juzi. Kitambaa kikikaa kimya na uzi wa pindo peke yake uking'aa, pindo limeshonwa upya.

Hatua ya 3: mshono, na kanzu mkononi

Kanzu ya zamani igeuze ndani nje. Utaona jengo lenye vipande vyenye majina, na mafundi wazee wanayajua. Badani ni kipande cha mwili, mbele na nyuma. Taharizi ni vipande vya ubavuni vinavyoanza vyembamba kwapani na kupanuka kuelekea miguuni. Kikwapa ni kile kipande kidogo cha mraba kilichotiwa chini ya mkono. Kaba ni kitambaa cha ndani kinachoizunguka shingo na kuishika ile kazi ya uzi iliyoshonwa juu yake.

Tazama sasa ukataji wake. Badani ni mstatili. Mikono ni mistatili. Taharizi hupatikana kwa kuukata mstatili mmoja kwa mshazari, vipande viwili vikapatikana bila mabaki. Kikwapa kinatoka kwenye pembe iliyobaki. Fundi hakutupa chochote kinachozidi kiganja. Ukataji wa namna hiyo hufanywa na watu ambao kwao kitambaa ni ghali kuliko muda wa anayeshona. Kanzu ya leo imekatwa kwa duara begani, haina kikwapa, mabaki yamefagiwa: hesabu imegeuka, sasa muda wa fundi ndio ghali na kitambaa ndicho rahisi. Badiliko la uchumi wa pwani ndani ya karne moja unaweza kuliona kwapani mwa kanzu.

Fuata mshono kwa kioo. Mshono wa mkono haulingani: hatua ndefu, hatua fupi, na kila urefu wa mkono mmoja hivi uzi unaisha na mwingine unaanza kwa fundo dogo. Mshono wa cherehani ni sawasawa na una nyuzi mbili, wa juu na wa chini, zinazofungana katikati ya kitambaa. Cherehani za majumbani zilianza kuuzwa miaka ya 1850 huko Marekani na zikafika pwani kabla karne haijaisha, kwa hiyo cherehani peke yake haiifanyi nguo kuwa mpya. Mshono wa kufungia kingo kwa nyuzi tatu au nne, ule unaoonekana ndani ya fulana, ndio wa karibuni. Mara nyingi utakuta mchanganyiko: mbavu kwa cherehani, shingo kwa mkono. Huo unaeleza vizuri mahali fundi alipoona heshima ya nguo inapokaa.

Shingo ina neno lake zaidi. Kanzu ya Kiomani ina kishada kinachoning'inia shingoni, ambacho mvaaji hukitia manukato; kanzu ya Waswahili kwa kawaida haina, na uzuri wake upo kwenye mstari wa kazi ya uzi. Ukikuta mahali ambapo kishada kiliondolewa, au kilichoongezwa kwa uzi tofauti na wa nguo, simama hapo. Kuna mtu alitaka kuonekana wa upande fulani, au alitaka kuacha kuonekana hivyo, na siasa ya pwani baada ya 1963 na 1964, uhuru wa Kenya na mapinduzi ya Zanzibar, iliwapa watu sababu ya yote mawili. Andika ulichokiona, sababu iachie ushahidi mwingine.

Hatua ya 4: rangi

Lowesha pamba kwa tone la maji, ibonyeze ndani ya mshono kwa sekunde 30. Rangi ikihamia, nguo hiyo isiguswe na maji kamwe. Kisha kwa kitambaa cheupe kikavu sugua taratibu mahali pa ndani. Nili huacha buluu hata pakiwa pakavu, na ndivyo unavyoijua kaniki halisi, ile nguo ya buluu-nyeusi.

Usijaribu kusema kwa macho kwamba rangi ni ya mmea au ya kiwandani. Rangi ya kwanza ya kutengenezwa ilipatikana 1856, nyekundu ya alizarini ikafuata miaka ya 1860, nili ya kiwandani ikaanza kuuzwa 1897, na nili ya kiwandani na ya shambani ni kitu kimoja machoni. Maabara tu ndiyo itakayokuambia.

Weupe nao ni rangi, na ndio unaohitaji kufikiriwa zaidi. Kanzu nyeupe ya bafta kwenye mji wa vumbi, jasho na maji ya kisima haikubaki nyeupe bila mtu kuifua, kuitia wanga na kuipiga pasi ya makaa. Mtu wa kuvaa nyeupe kila siku alikuwa na mtu wa kumfulia kila siku: mke, mtumwa, baadaye dobi. Kaniki ya buluu-nyeusi ilivaliwa na waliofanya kazi hiyo, kwa kuwa haionyeshi uchafu na ilikuwa rahisi. Ukiziweka pamoja mezani, kanzu na kaniki, umeweka pande mbili za beseni moja.

Hatua ya 5: mahali mwili ulipoigusa nguo

Hapa ndipo nguo inapoacha kuwa kitambaa. Pitia mahali hapa, kwa mpangilio huu:

Shingo na mikono, kutafuta jasho na mafuta. Mafuta mengi nyuma ya shingo kuliko mbele ni ya mtu wa nywele ndefu au aliyejipaka.

Magoti ya kanzu. Ukiona kitambaa kimekonda mbele kwenye magoti yote mawili, kwa usawa, na viwiko ni vizima, huyo aliivaa msikitini mara nyingi kuliko dukani. Ni sijida iliyokula uzi. Viwiko vikiwa vimeisha na magoti mazima, ameegemea meza ya hesabu.

Mabega, kwa jua. Upande mmoja ukipauka kuliko mwingine, nguo ilining'inizwa dirishani. Usiseme ilivaliwa juani.

Pindo la chini. Matope, chumvi, au pindo lililoshushwa mara mbili: nguo ya kijana aliyekua ndani yake, au iliyorithiwa na mrefu zaidi. Chumvi huonekana kama mstari mweupe unaokwenda kwa mawimbi.

Viraka. Kiraka cha kitambaa kile kile maana yake fundi alihifadhi mabaki kwa makusudi. Kiraka cha kitambaa tofauti kilichotiwa kwa ndani, kwa mshono mdogo usioonekana, ni umaskini ulioficha uso wake. Nguo yenye viraka vya namna hiyo ina thamani kubwa kuliko joho lisilowahi kutoka sandukuni.

Leso

Leso inastahili meza yake. Wengine huiita kanga. Mombasa ni leso, kutoka neno la Kireno la kitambaa cha mkononi, na jina hilo linakumbusha asili: karne ya 19 ilipokuwa ikimalizika wanawake wa pwani walinunua vitambaa hivyo vya mraba na kuviunga sita, vitatu kwa viwili, wakapata vazi moja. Baadaye wafanyabiashara wakaleta kitambaa kilichochapwa kizima. Ukikutana na leso yenye mshono unaoigawa katikati na kingo za miraba zinazokutana, usimpe mtu mkononi kabla ya kuipiga picha.

Leso iliyochapwa ina urefu wa karibu mita 1.5 na upana wa karibu mita 1.1. Ina pindo pande nne, mji katikati, na jina, yaani maneno, kwa kawaida juu ya pindo la chini. Isome hivi:

Tazama kwanza kama imekatwa. Leso huuzwa doti, mbili zikiwa zimeshikana, na mnunuzi huzikata na kuzipinda. Doti isiyokatwa haikuvaliwa; ni zawadi iliyotunzwa au sehemu ya mali ya bibi harusi. Iliyokatwa bila kupindwa ilitumika kwa haraka, pengine msibani.

Geuza upande wa nyuma. Rangi ikiwa imepenya sawasawa, huo ni uchapaji wa kiwanda chenye uzoefu. Mahali ambapo ua linarudiwa, tafuta kiungo: muhuri wa mkono huacha ua moja kupanda juu ya jingine kidogo, na umbali haulingani. Kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe ya harusi, asili yake ni mihuri ya mbao ya Wahindi, na mara nyingi haina maneno. Lakini kisutu huchapwa mpaka leo kwa sura ile ile, kwa hiyo sura yake haikupi mwaka.

Soma maneno kwa makini, herufi kwa herufi. Maneno kwa hati ya Kiarabu ni ya mwanzo. Hati ya Kirumi ikaja kuyafuata. Tahajia inaeleza pia. Kiswahili sanifu kilisimamishwa miaka ya 1930 juu ya Kiunguja, na leso yenye "mato" badala ya macho, au "ndia" badala ya njia, ilitungwa na mtu wa Mvita, yaani Mombasa, kwa masikio ya watu wa Mvita. Leso za baadaye, zilizotaka soko la Dar es Salaam na Nairobi pia, zinaandika sanifu.

Tafuta maandishi madogo ya ukingoni. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza Mombasa 1887, linajulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Nyingine zina jina la nchi: Uholanzi, Uingereza, India, Japani, kisha viwanda vya nyumbani baada ya uhuru. Leso iliyoandikwa Tanzania haiwezi kuwa ya kabla ya 1964. Ya Uhuru wa Kenya haiwezi kuwa mbali sana na Desemba 1963, isipokuwa iwe ya maadhimisho, na hapo mwaka huwa umetajwa.

Mwisho, mafundo. Pembe mbili za juu zenye mikunjo midogo iliyoganda zinatokana na kufunga kifuani. Katikati iliyovutika kama bakuli ni mbeleko, imebeba mtoto. Makunyanzi marefu pembeni ni ya kujitanda kichwani.

Sasa jamii. Mwaka 1897 Unguja, na 1907 katika pwani ya Kenya, utumwa ulifutwa kisheria. Mwanamke ambaye jana alivaa kaniki kwa sababu ndiyo aliyopewa, leo aliweza kununua doti ya rangi kwa fedha yake, ikiwa na maneno aliyoyachagua. Kaniki haikufa siku hiyo, lakini leso ilikimbia miji yote kwa kasi isiyoelezeka kwa uzuri wa maua peke yake. Ndiyo maana mtu anayeichukulia leso kama pambo la utalii anapita juu ya tangazo la uhuru bila kulisoma.

Kichwa na uso

Kofia ya kushona kwa mkono ina duara la juu na ukanda wa pembeni, kila kimoja kitambaa mapande mawili yenye uzi uliojazwa katikati, na matundu madogo yaliyozungushiwa mshono mmoja mmoja. Igeuze: ya mkono ni safi ndani karibu kama nje, ya mashine inaonyesha nyuzi ndefu zinazoruka kutoka ua hadi ua. Kazi ya wiki nyingi. Na kabla ya kufutwa utumwa, kwa desturi za pwani mtumwa hakutakiwa kuvaa kofia wala viatu mbele ya waungwana, kwa hiyo kofia ya babu ya mwaka 1910 inaweza kuwa urithi wa kale au inaweza kuwa kofia ya kwanza katika ukoo mzima. Zote mbili zinafanana mezani. Usidhani.

Kwa wanawake, mfano ulio wazi ni shiraa na buibui. Shiraa, hasa Lamu, lilikuwa hema la kitambaa lililobebwa juu ya miti na watumishi huku bibi akitembea ndani. Kazi hiyo ilihitaji watu wasioweza kukataa kuibeba. Utumwa ulipokwisha, shiraa likakosa wabebaji, na buibui, ambalo mwanamke hulivaa mwenyewe bila msaada, likachukua nafasi mwanzoni mwa karne ya 20, likavaliwa na waliokuwa mabibi na waliokuwa wajakazi. Buibui la zamani ni kitambaa cheusi kipana kinachoshikwa kichwani kwa kamba. Likiwa na mikono iliyokatwa kama joho, ni la baadaye.

Hatua ya 6: wazee

Sasa ndipo nenda kwa bibi au shangazi. Nenda na nguo yenyewe, si picha tu, maana mkono ukiigusa ndio unaokumbuka. Mwamkie, kaa, usitoe daftari mpaka akianza kueleza. Uliza kitu kidogo kilicho wazi: "Bibi, hii alivaa ndani au nje?" "Nani aliipinda?" "Ilifuliwa na nini?" Ukimwuliza "ni ya mwaka gani?" atakupa mwaka kwa hisani tu. Uliza badala yake: kabla au baada ya harusi ya nani, kabla au baada ya Uhuru.

Kuhusu utumwa, usiulize ukoo wa mtu moja kwa moja. Ni jeraha bado, na jibu utakalopata kwa kushurutisha halitakuwa kweli. Andika maneno yake kama alivyosema, upande mmoja wa ukurasa, na uchunguzi wako upande wa pili, na pale visipolingana viache vyote viwili vimesimama.

Linganisha na picha za zamani pia, lakini picha za studio zina hatari yake: mara nyingine joho na jambia vilikuwa vya mpiga picha. Tazama kama vinamkaa mvaaji mabegani. Na maandishi ya wageni yana macho ya wageni. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko aliyepita Mombasa 1331, aliandika kwamba watu walitembea bila viatu na kunawa miguu kabla ya kuingia msikitini. Wareno wa mwanzo wa karne ya 16 wakaandika hariri na dhahabu. Hakuna aliyesema uongo. Mmoja alitazama miguu mlangoni mwa msikiti, mwingine alitazama matajiri wa mji aliotamani mali yake, na kweli Almeida, kamanda wa Wareno, alipouteka mji 1505 nguo za Cambay, bandari ya India, zilikuwa katika ngawira.

Makosa yanayoharibu kazi

Kubwa kuliko yote ni kusahau kilichokosekana. Sanduku huweka nguo ya harusi, joho, kisutu. Kaniki ya shambani ilivaliwa mpaka ikawa tambara la kudekia, leso ilikatwa nepi, winda la mchukuzi likaoza. Ukiandika historia ya mji kutokana na masanduku peke yake, utaandika mji wa waungwana watupu. Kwa hiyo kwenye daftari weka ukurasa wa nguo ambazo kila mtu anazikumbuka na hakuna aliyenazo, uujaze kwa uzito ule ule.

La pili: nguo haiwezi kuwa kongwe kuliko sehemu yake ya asili iliyo mpya kabisa, lakini vifungo na pindo huongezwa baadaye. Thibitisha kwanza kama kifungo kimeshonwa kwa uzi wa nguo yenyewe. La tatu ni kuamini uchakavu. Kitambaa kibaya cha 1985 kilichoanikwa juani kila siku huzeeka kuliko bafta ya 1920 iliyofungwa.

Kuirudisha mahali pake

Nunua merikani isiyopaushwa madukani, mita 4 kwa sanduku, uichemshe mara 2 bila dawa ya kulainisha, ukaushe, uvike mbao za ndani zote. Mbao hutoa tindikali inayogeuza pamba kuwa kahawia. Leso izungushe kwenye bomba la plastiki la upana wa sentimita 7 lililovikwa kitambaa hicho, upande uliochapwa nje. Kanzu ikunjwe mara chache, na kila kunjo litiwe msokoto wa kitambaa ili uzi usivunjike. Pini na vibano vya chuma viondolewe vyote, kwa hewa yetu ya bahari kutu huanza upesi sana. Mfuko wa plastiki usitumike kuhifadhi. Majani makavu ya mwarobaini au karafuu yawe ndani ya kifuko, yasiguse nguo. Vidonge vya nondo vivyo hivyo.

Fungua sanduku mara 2 kwa mwaka: Februari, kaskazi ikiwa bado inavuma, na tena Agosti baada ya masika na unyevu wake. Kila nguo ifungiwe kadi kwa uzi wa pamba, imeandikwa kwa penseli: nambari, vipimo, hesabu ya nyuzi, mahali ilipochakaa, nani alisema nini na tarehe. Kama kuna kipande usichoweza kukihudumia, au leso ya kuungwa sita, kipeleke wakakitazame watunzaji wa makumbusho ya Fort Jesus kabla mtu hajakiosha.